Jeraha la Agosti kwa Bei ya Julai: Uzoefu Wangu wa Kupanga Kikosi cha Fantasy Kabla ya Msimu

Kila mwaka mwezi Julai, mchezo wa Fantasy wa Ligi Kuu ya England, ambamo unaunda kikosi chako cha wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanachokifanya uwanjani, hutangaza bei za wachezaji wote, na kila anayeshiriki hupewa bajeti ya milioni 100 za kimchezo ya kununulia wachezaji 15, wasiozidi watatu kutoka klabu moja. Bei hizo hufuata zaidi yale ambayo mchezaji aliyafanya msimu uliopita, na hazibadiliki hadi ligi ianze katikati ya Agosti. Miili ya wachezaji haina utulivu huo. Katika wiki zilizo kati ya tangazo la bei na mechi ya kwanza, klabu husafiri Marekani na Asia kucheza mechi za kirafiki, wachezaji waliotoka mapumzikoni huingia ghafla katika mazoezi makali, na habari za goti lililoumia au msuli uliochanika huanza kufika. Aliyeumia hubaki na bei ya Julai, na atakayecheza badala yake naye hubaki na bei ya mtu wa benchi. Ni katika pengo hilo ambapo nimekuwa nikitafuta pointi zangu kwa misimu kadhaa sasa, na ningependa kueleza namna ninavyofanya, kwa sababu naona wenzangu wengi hulitazama jeraha kama swali la ndiyo au hapana tu: yupo au hayupo.

Ligi yetu ndogo ni ya walimu wa sekondari hapa Arusha, baadhi wakiwa Njiro, wengine Sakina na Ngaramtoni. Tunaifuatilia kwa dhati. Mwanzo wa msimu una uzito wa pekee kwetu, kwa kuwa kila wiki ya mchezo unaruhusiwa uhamisho mmoja wa bure, na kila uhamisho wa ziada unakukata pointi 4. Aliyeanza na majeruhi wawili au watatu hutumia mwezi mzima kuziba mashimo wakati wengine wanaboresha vikosi vyao. Ipo waildikadi, yaani ruhusa ya kubadilisha kikosi kizima bila kukatwa pointi, lakini kuitumia wiki ya pili au ya tatu kwa sababu ya jambo lililojulikana tangu Julai ni hasara ninayojitahidi sana kuiepuka.

Mfano ulionijengea utaratibu wangu ni wa Kevin De Bruyne. Tarehe 10 Juni 2023, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya mjini Istanbul, alitoka uwanjani kabla ya mapumziko kwa sababu ya msuli wa nyuma ya paja. Manchester City wakatwaa kombe, shangwe ikafunika kila kitu, na bei zilipotoka yeye akawekwa juu ya milioni 10, kama ilivyostahili kiungo wa kiwango chake. Kuanzia hapo nilichofuatilia kilikuwa dakika zake. Ziara ya City barani Asia ilipita bila yeye kucheza. Tarehe 6 Agosti, kwenye Ngao ya Jamii dhidi ya Arsenal, aliingia kipindi cha pili, na mara moja kijiwe chetu kikachangamka. Mwalimu mwenzangu anayefundisha Hisabati aliniambia, "Kaka, amerudi huyo, mweke kabla hujachelewa." Nilimjibu kwamba mtu aliyekosa maandalizi yote, akiwa na msuli uliochanika Juni, bado sijamwona akimaliza hata nusu ya mechi, na kwamba milioni 10 na ushee ni fedha nyingi mno kuziweka juu ya matumaini.

Ijumaa ya tarehe 11 Agosti, mechi ya ufunguzi dhidi ya Burnley ilianza saa nne usiku kwa saa zetu. De Bruyne alianza, akiwa na kitambaa cha unahodha. Dakika ya 23 alitoka, msuli ukiwa umemsaliti tena. Kwa kanuni za mchezo, anayecheza chini ya dakika 60 hupata pointi 1 ya kushiriki, na anayefikisha 60 hupata 2, kwa hiyo waliomnunua walivuna pointi 1 kwa bei ya mchezaji ghali kuliko karibu viungo wote. Baadaye alifanyiwa upasuaji, na hakuonekana tena uwanjani hadi Januari 2024.

Mdogo wangu wa kike ni mtaalamu wa fiziotherapia huko Moshi, na ndiye aliyenisaidia kuelewa kwa nini habari ile haikuwa bahati mbaya tu. Alinieleza kwamba miongoni mwa viashiria vikubwa vya kuumia msuli wa nyuma ya paja ni kuwa uliwahi kuumia, hasa karibuni, na kwamba msuli unaweza kutokuwa na maumivu yoyote katika mbio za kawaida ukaja kukataa siku ya mbio za kasi ya juu. Mfupa uliovunjika huchukua muda mrefu, lakini ratiba yake hutabirika zaidi: ukishaunga vizuri, mchezaji hurudi akihitaji tu kurejesha pumzi na kasi. Kukatika kwa ligamenti ya mbele ya goti ni jambo la kiwango kingine kabisa, kwa maana huanzia miezi tisa hivi na mara nyingi huzidi, na hata baada ya kurudi mchezaji huhitaji miezi mingine kabla ya kuwa yule ambaye kocha wake alimfahamu. Wesley Fofana wa Chelsea alifanyiwa upasuaji wa aina hiyo Julai 2023 na hakucheza mechi hata moja msimu ule.

Tangu mazungumzo hayo, klabu ikitangaza kwamba mchezaji "ana tatizo dogo la msuli", mimi huwa na wasiwasi zaidi kuliko ikitangaza mfupa wa mguu. Leny Yoro aliumia mfupa wa mguu Julai 2024, katika mechi ya Manchester United dhidi ya Arsenal huko Los Angeles, na hapakuwa na fumbo lolote: ulijua hayupo kwa miezi, ukamfuta, akacheza mara ya kwanza Desemba. Mwenye msuli ndiye anayekuvuta kila Ijumaa kwa maneno ya kocha kwamba anaendelea vizuri, na katika mchezo wenyewe anawekewa alama ya njano yenye asilimia 75, nawe unaisoma hiyo 75 kana kwamba ni ahadi. Asilimia ile inahusu uwezekano wa kuwemo kwenye mechi inayofuata. Haisemi lolote kuhusu dakika 60, wala kuhusu wiki tatu zijazo.

Nusu ya pili ya kazi, ambayo kwangu ina faida kubwa zaidi, ni kumtafuta mrithi. Wahenga walisema kufa kufaana, na katika Fantasy jeraha la mmoja huhamisha pointi kwenda kwa mwingine ambaye bei yake ilipangwa kabla hajapata nafasi. City wa Agosti 2023 walikuwa na Julián Álvarez kwa milioni 6.5. Nilimchukua kabla ya mechi ya Burnley, kwa hoja kwamba hata De Bruyne akianza hataweza kubeba mechi zote, na kwamba kocha Pep Guardiola alikuwa tayari anampanga Álvarez nyuma ya Erling Haaland. Wiki iliyofuata City waliifunga Newcastle 1-0, na bao lilikuwa lake. Alimaliza msimu akiwa amecheza mechi 36 za ligi na kufunga mabao 11. Fedha nilizookoa kwa kutomnunua De Bruyne ziliniwezesha kumweka Haaland, aliyekuwa wa milioni 14, bila kubaki na benchi la wachezaji wasiocheza.

Hata hivyo, urithi una masharti, na hapa ndipo ninapokuwa mkali kuliko wenzangu. Katika mechi ileile ya Los Angeles iliyomwumiza Yoro, mshambuliaji Rasmus Højlund naye aliumia msuli wa nyuma ya paja, na macho yote yakahamia kwa Joshua Zirkzee, mshambuliaji mgeni wa United. Tarehe 16 Agosti 2024, katika mechi ya kwanza dhidi ya Fulham, Zirkzee aliingia kutoka benchi na kufunga bao pekee dakika za mwisho. Usiku ule simu yangu haikunyamaza. Kila mtu alitaka kumnunua. Sikumgusa. Nilitazama mambo mawili tu: alikuwa ametoka benchi, maana yake kocha hakuwa amemwamini kuanza hata pale Højlund alipokuwa hayupo, na timu yenyewe haikuwa na desturi ya kutengeneza nafasi nyingi kwa mshambuliaji wake wa kati. Msimu mzima alifunga mabao matatu ya ligi. Álvarez alirithi nafasi katika timu inayofunga kila wiki, ilhali Zirkzee alirithi jezi ya timu yenye njaa ya mabao, na tofauti hiyo ina uzito kuliko jina la aliyeumia.

Wakati mwingine mrithi hata hajafika klabuni. Christopher Nkunku alipoumia goti katika mechi ya kirafiki dhidi ya Borussia Dortmund mjini Chicago, mwanzoni mwa Agosti 2023, Chelsea walibaki na safu ya mbele isiyo na mwenyewe. Sikumnunua yeyote pale, ila niliandika katika daftari langu kwamba penalti za Chelsea hazina mpigaji wa kudumu. Cole Palmer alisajiliwa dirisha lilipokuwa linafungwa, Oktoba akapiga penalti dhidi ya Burnley, kisha nyingine dhidi ya Arsenal, nami nikamwingiza kwa bei iliyokuwa bado ya chini kabisa kwa kiungo mshambuliaji. Alifikisha mabao 22 ya ligi msimu ule.

Suala la kurudi kwa majeruhi hulishughulikia kwa kanuni ileile ya dakika. De Bruyne aliporudi kwenye ligi, tarehe 13 Januari 2024 dhidi ya Newcastle, aliingia City wakiwa nyuma 2-1, akasawazisha, kisha akampa Oscar Bobb pasi ya bao la ushindi. Hakuna mpenda mpira ambaye hakusisimka. Mimi nilisubiri nimwone akianza mechi na kupita dakika 60 kwanza, kwa kuwa pointi za mchezaji wa benchi haziaminiki hata akiwa fundi wa namna ile. Alipoanza kupangwa mfululizo nikamwingiza, na kwa kuwa bei yake ilikuwa imeshuka kutokana na watu kumuuza, nilimpata kwa nafuu. Katika mechi 18 tu za ligi msimu ule alitoa pasi za mabao 10.

Msimu wa 2025/26 ulinipa mtihani mwingine. Jumapili ya tarehe 3 Agosti, saa nane mchana kwetu, Tottenham walicheza na Newcastle mjini Seoul, mechi iliyokuwa ya kumuaga Son Heung-min. James Maddison aliingia kipindi cha pili, akaumia goti na kutolewa kwa machela, na baadaye ikathibitika kuwa ni ligamenti. Dejan Kulusevski alikuwa tayari nje kwa upasuaji wa goti tangu Mei. Hivyo, pamoja na kuondoka kwa Son, Spurs, yaani Tottenham, walikuwa wamepoteza watu watatu waliokuwa wakitengeneza mabao yao, ilhali bei zao zote za Fantasy zilikuwa zimeshapangwa.

Nilikaa na daftari langu na kujiuliza mpira utapita kwa nani sasa. Mohammed Kudus, Mghana aliyetoka West Ham mwezi Julai, alikuwa wa milioni 6.5, mzima wa mwili, amefanya maandalizi na timu, na hakuwa na mshindani wa kweli upande wa kulia. Nilimweka kabla ya muda wa mwisho wa Ijumaa, saa mbili na nusu usiku. Kesho yake Spurs waliifunga Burnley 3-0, na Kudus akatoa pasi mbili za mabao, zote kwa Richarlison. Mwisho wa Agosti klabu ikamsajili Xavi Simons kutoka Leipzig, na yule mwalimu wa Hisabati akanipigia kuuliza kama sasa ni wakati wa kumuuza Kudus. Nilimwambia kwamba Simons hupenda kucheza kushoto au katikati, Kudus anacheza kulia, na pengo la Maddison lilikuwa la katikati, kwa hiyo hakuna sababu ya kutumia uhamisho kabla ya kuona kocha atampanga wapi mgeni huyo baada ya mapumziko ya mechi za timu za taifa.