Dodoso la Lishe na Bakuli la Mtori

Ripoti nyingi za lishe huwa na sentensi ya namna hii: "Washiriki walikula wastani wa gramu 52 za protini kwa siku." Kama namba hiyo imetoka kwenye dodoso la marudio, lile linalouliza unakula kitu fulani mara ngapi kwa wiki au kwa mwezi, usiitegemee. Dodoso zuri litakuonyesha nani anakula nyama kuliko nani, nani hagusi maziwa, kata ipi inatumia sukari nyingi. Gramu halina. Na anayekwenda kuhoji kaya za Moshi mjini, Kibosho au Marangu anapaswa kulijua hilo kabla hajachapisha fomu.

Ushahidi upo wa muda mrefu. Mwaka 1999 na 2000, utafiti unaoitwa OPEN ulipima watu 484 huko Maryland, Marekani, kwa njia isiyotegemea kumbukumbu. Walinyweshwa maji yenye atomi nzito za hidrojeni na oksijeni, kisha mkojo ukapimwa kuona atomi hizo zinavyotoka mwilini. Hapo ndipo inapojulikana mwili umetumia nishati kiasi gani. Nitrojeni ya kwenye mkojo ikaonyesha protini. Majibu ya dodoso la marudio yalipolinganishwa na vipimo hivyo, wanaume walikuwa wametaja nishati pungufu kwa asilimia 31 hadi 36, wanawake asilimia 34 hadi 38. Walipohojiwa chakula cha saa 24 zilizopita, upungufu ulikuwa asilimia 12 hadi 14 kwa wanaume na 16 hadi 20 kwa wanawake. Bado ni pengo, ila dogo zaidi.

Kwa hiyo mtu akikwambia dodoso lake "limehakikiwa" kwa sababu uwiano wake na kipimo kingine (namba inayoonyesha vipimo viwili vinavyopanda na kushuka pamoja, ukomo wake ni 1) ni 0.5, muulize na wastani ulitofautiana kwa kiasi gani. Watu wote wanaweza kupunguza theluthi ya walichokula na uwiano ukabaki mzuri, kwa sababu mlaji mkubwa bado yuko juu ya mlaji mdogo.

Kwetu shida inaanzia kwenye chombo. Chukua mtori. Fomu inauliza: "Ndizi, mara ngapi? Nyama, mara ngapi?" Mama anajibu kwa ukweli kabisa kwamba mtori wenye nyama wanakula mara tatu kwa wiki. Kompyuta inampa gramu 100 za nyama kila mara, maana ndicho kipimo kilichowekwa. Sasa pima. Sufuria tupu gramu 900. Ndizi mshare zilizomenywa gramu 2,000, nyama isiyo na mfupa gramu 500, samli gramu 60, mengine ni maji, vitunguu na nyanya. Mtori ukiiva, sufuria na vilivyomo ni gramu 4,900, yaani mtori wenyewe ni gramu 4,000. Bakuli la mama lina gramu 450. Gawanya 450 kwa 4,000 upate asilimia 11.25. Amekula ndizi gramu 225, nyama gramu 56 na samli gramu 7 hivi, kwa uzito wa kabla ya kupika. Dodoso limemwongezea nyama karibu mara mbili, na samli halikuiuliza kabisa. Nyama ikiwa ya mifupa, pima mifupa iliyobaki baada ya kula na uitoe kwenye hesabu, la sivyo utakuwa unahesabu protini iliyokwenda kwa mbwa.

Kazi hiyo huwezi kuifanya kaya 400. Ifanye kaya chache kwa kila pishi kuu: mtori, makande, machalari, kiburu, ugali na mboga. Ukishapata wastani wa mchanganyiko wa kila pishi, mhojaji anabaki na swali moja tu la ukubwa wa bakuli. Na hapo usitegemee "dogo, la kati, kubwa". Mwambie mama, kwa heshima, akuletee bakuli lile lile alilotumia, ajaze maji mpaka pale chakula kilipofika, kisha mimina maji hayo kwenye jagi lenye alama za mililita. Kwa mtori, mililita na gramu zinakaribiana. Kwa wali na makande hapana. Jaza kikombe kimoja cha chakula chenyewe, kipime, ndipo uzidishe.

Sinia la pamoja ni gumu zaidi. Watoto watatu na shangazi yao wakila ugali kwenye sinia moja, hakuna anayejua fungu lake. Kuhesabu matonge kunasaidia kidogo, lakini tonge la mtoto wa miaka minne si la mtu mzima. Ukihitaji gramu za mtoto mmoja, omba siku ya uchunguzi apakuliwe peke yake, na uandike kwenye ripoti kwamba umebadilisha mazoea ya mlo huo.

Mboga za majani nazo zinakosea kwa kuzidi. Fomu ikiorodhesha mchicha, mnafu, majani ya maboga, majani ya kunde, matembele, figiri, sukuma wiki na kabichi, mtu anajibu "mara tatu kwa wiki" kila mstari. Mistari 8 mara 3 ni milo 24 ya mboga, na nyumbani kwake mboga inapikwa jioni tu. Kwa hiyo anza na swali la jumla: "Kwa wiki, milo mingapi ina mboga ya majani?" Akisema 6, kila mstari uzidishe kwa 6/24. Bila marekebisho hayo vitamini A yote ya utafiti wako ni hewa.

Mafuta na sukari viulize kwa kaya. Lita 1 ya mafuta ina gramu 920 hivi. Ikikaa siku 10 kwa watu 5, kila mmoja ana gramu 18 kwa siku, zaidi kidogo ya kilokalori 160. Sukari hutiwa kwenye sufuria ya chai kabla haijaingia kwenye chupa, hivyo kumuuliza mtu vijiko ni kumlazimisha kubuni. Palipo na kijiko, tazama kinavyochotwa: kilichofutwa juu kina gramu 4, kilichojaa kinaweza kufika 7. Kwa vijiko 9 kwa siku, hiyo ni gramu 36 au 63.

Pombe inafichwa, na mbege ni ndizi na ulezi, kwa hiyo inabeba nishati ya kweli. Usiulize mbele ya mkwe wala mbele ya watoto. Iweke katikati ya chai, uji, maziwa mgando na soda, kwa sauti ile ile: "Na mbege, jana ilikuwepo?" Ukiitenga kwenye ukurasa wa "tabia hatarishi" utapata sifuri nyingi.

Mahojiano ya saa 24 yana mpangilio wake. Kwanza mwache ataje vyote bila kumkatiza. Kisha rudia vinavyosahaulika: karanga za njiani, andazi la saa nne, parachichi, muwa, kuonja jikoni. Halafu muda na mahali, halafu kiasi na namna ya kupika, mwisho pitieni yote pamoja. Taja mipaka ya siku waziwazi, tangu alipoamka jana mpaka alipoamka leo. Rudia angalau siku ya pili isiyofuatana na ya kwanza, na Jumapili ziwemo. Kwaresma na Ramadhani ziandikwe kwenye fomu.

Lakini siku mbili zinatosha kwa wastani wa kundi, si kwa mtu mmoja mmoja. Beltsville, Marekani, watu 29 waliandika kila walichokula kwa mwaka mzima. Hesabu iliyochapishwa mwaka 1987 ilionyesha kwamba kumjua mtu mmoja kwa usahihi kunahitaji wastani wa siku 31 kwa nishati na siku 433 kwa vitamini A. Maini ya siku moja yanaweza kuvuruga mwezi mzima.

Kabla ya uchambuzi, pitisha kila fomu kwenye kipimo hiki. Mwanamke wa miaka 42 mwenye kilo 68: kwa kanuni ya Schofield, inayokadiria nishati ya mwili kwa jinsia, umri na uzito, 8.126 mara 68 jumlisha 845.6 ni kilokalori 1,398 za mwili uliopumzika. Kwa kazi nyepesi zidisha kwa 1.55, upate 2,167. Fomu yake ikisema 1,150 na uzito wake haujashuka, kuna chakula hakikuandikwa. Usiifute, iweke alama, kisha chambua ukiwa nayo na bila yake, kwa sababu wanaopunguza majibu hawatawanyiki kibahati tu, na mara nyingi wenye uzito mkubwa ni wengi kati yao.

Jedwali la viinilishe vya vyakula vya Tanzania lilitoka mwaka 2008, na ndilo la kuanzia. Ila muulize mama unga ni dona au sembe, wa pakiti au wa kusaga mashineni. Unga wa pakiti unaweza kuwa umeongezwa madini na vitamini. Wa mahindi ya shambani hauna nyongeza hiyo.

Na magadi. Yanatiwa kwenye makande, kiburu na loshoro ili viive haraka, yana sodiamu nyingi, na ya kwetu kaskazini mara nyingi yana floraidi, juu ya ile ambayo tayari imo kwenye maji ya sehemu nyingi za Arusha. Dodoso linalouliza chumvi peke yake linakosa yote mawili. Ongeza mistari miwili: magadi kiasi gani kwa sufuria (omba kipande chenyewe ukipime), na maji ya kunywa na kupikia yanatoka wapi. Kama sodiamu ndiyo hoja kuu ya utafiti, weka fedha ya mkojo wa saa 24 kwa sehemu ya washiriki, maana hakuna swali litakalokupa chumvi iliyotiwa kwa kidole.