Mlima wa Kuzungukwa

Mimi ni mtoto wa Moshi, nimekua nikiamka na Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, dirishani. Kwa hiyo basi la kutoka Chennai liliponishusha Tiruvannamalai, kusini mwa India, kondakta akaninyooshea kidole mlima Arunachala, nilibana kicheko. Mita 814. Kwetu hapo ni pa kuchungia mbuzi.

Nilibeba daftari na mkaa wa kuchorea. Nia: nitafute kivuli, nichore, nigeuze na basi la jioni. Mama mwenye nyumba wangu, namwita akka, yaani dada, naye huniita thambi, mdogo wake, alikuwa kanionya: "Thambi, ule hauendewi kutazamwa. Unazungukwa." Nikaona ni mambo ya dini tu.

Wahindu wa huku hawasemi mungu wao Shiva anakaa mlimani. Mlima ndiye Shiva. Miungu wenzake, Brahma na Vishnu, walibishania ukubwa, Shiva akawatokea kama nguzo ya moto. Vishnu akawa nguruwe mwitu, akachimba kutafuta mzizi. Brahma akawa bata maji, akaruka kutafuta ncha. Wote walichemsha. Moto ule ndio ukawa mlima huu, na kila mwaka, Novemba au Desemba, kwenye sikukuu ya Karthigai Deepam, kileleni huwashwa moto wa samli.

Mzunguko ni kilomita 14, miguu peku. Unashika kushoto mwa barabara. Kulia, upande wa mlima, wanaachiwa watakatifu wasioonekana. Nikavua viatu saa kumi alfajiri.

Kulipopambazuka nikachora pembetatu moja safi. Nusu saa mbele, pembetatu imeota bega. Mbele zaidi vilele viwili, wanasema Shiva na mkewe Parvati, kwingine vitatu. Hata fahali wa mawe, Nandi, ambao hekaluni humtazama Shiva wa ndani, njiani hapa wameelekezwa mlimani. Kila nikigeuza ukurasa, mlima nao umegeuka.

Kijijini Adi Annamalai nilimkuta bibi kachutama mlangoni akichora kolam, pambo la mlangoni, kwa unga wa mchele: vidoto kwanza, kisha mstari mmoja unaovizunguka hadi ulipoanzia, bila kukatika. Nikamwonyesha daftari. Akacheka, akanimiminia unga kiganjani. Mstari wangu ulikatika kabla ya kidoto cha tatu. Wake ulikamilika, na pikipiki ikaukanyaga tukiwa tumesimama pale pale. Bibi hata hakugeuka, alishaingia kupika kahawa.

Nilimaliza lami ikiwa imeshapata moto, nyayo zina malengelenge, na michoro 11 isiyofanana.

Usiku nikamkumbuka binamu yangu wa Rombo, mashariki mwa Kilimanjaro. Shuleni alikuwa akichora Mawenzi, kilele cha pili, mbele, Kibo nyuma, nami namsahihisha kwa kalamu nyekundu. Maisha yangu yote nimeuchora Kilimanjaro wa upande mmoja, nikauita mzima. Nimemtumia ile michoro 11 na kumwomba radhi. Kajibu kwa vikatuni vya kucheka, mstari mzima.