Unanunua Toyota IST au Raum ya mkononi? Ikague injini ikiwa baridi, herufi ya namba baadaye

Ukimwambia dalali wa Dar es Salaam unatafuta gari dogo la bei nafuu, atakuuliza kwanza: unataka namba C, D au E? Herufi ile, ya kwanza baada ya tarakimu kwenye kibao cha namba, inaonyesha tu gari lilisajiliwa lini hapa Tanzania. Haisemi lilitengenezwa lini Japani wala limetunzwa vipi. IST ya 2003 iliyoingia nchini mapema ikapewa namba C, na IST ya mwaka huohuo iliyokuja baadaye ikapewa namba D, zote zina umri mmoja na injini ya aina moja, ila ya pili bei yake imepaa. Tofauti hiyo kwa mwenye bajeti ya kubana ingenunua matairi manne, betri na sevisi nzima. Herufi itakusaidia siku ya kuuza. Kama unanunua gari la kwenda kazini na kupeleka watoto shule, tafuta hali ya gari.

Ushauri wangu kwa mwenye hela ndogo ni Toyota zenye injini ya 1NZ-FE ya cc 1500 au ndugu yake 2NZ-FE ya cc 1300. Utazikuta kwenye IST za kwanza (2002 hadi 2007), Raum za kuanzia 2003, Probox, Spacio na Runx za 1.5, hata Premio za 1.5. Zinatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda, gia boksi yake ya kawaida ni otomatiki ya gia 4, na spea zake, mpya kwa mtumba, zimejaa Kariakoo na Ilala. Fundi wa mtaani anazijua.

Kuwa makini na injini zenye maandishi ya D-4. Premio za cc 2000 za miaka hiyo, Noah na Voxy za 2001 hadi 2007, pamoja na Nadia nyingi, zinazo. Kwenye D-4 petroli humwagwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa na kuziosha. Masizi yanajijenga pale, gari linaanza kutetemeka na sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inapanda na kushuka. Pampu yake ya presha kubwa ni ghali, na fundi anayeielewa vizuri si wa kila kona. Gari hizo huuzwa kwa bei ya kuvutia, na sababu ni hiyo. Injini ya 1ZZ-FE ya cc 1800, iliyomo kwenye Wish, Premio na Spacio za kabla ya 2005 hivi, nayo ina ugonjwa wa kula oili: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo, yanaziba, ringi zinaganda. Si zote zilizofika huko, ila usiinunue kabla ya kuchomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) na kutazama moshi.

Sasa ukaguzi. Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kulikuta gari halijawashwa tangu usiku. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Kama ni ya moto, ahirisha, rudi kesho asubuhi. Injini ikishapata moto hujificha: cheni iliyolegea hugonga sekunde chache za mwanzo kisha hunyamaza, na moshi wa buluu wa oili iliyovuja kupitia sili za valvu hutoka pale gari linapowashwa baada ya kulala.

Kabla ya kuwasha, fungua mfuniko wa rejeta (injini ikiwa baridi tu, ya moto itakuunguza). Ndani unataka kuona kulanti (maji maalumu ya kupoozea injini) safi, nyekundu, ya pinki au ya kijani. Maji yenye rangi ya kutu yanakwambia gari limeishi kwa maji ya bomba. Litazame na tangi la plastiki la juu ya rejeta: likiwa jipya ni jeusi, likichoka hugeuka kahawia, na hapo linakaribia kupasuka. Kisha liwashwe mfuniko ukiwa wazi. Mapovu yasiyokoma ni dalili ya gasketi ya silinda hedi iliyoharibika. Uji wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili nao ni onyo la maji kuingia kwenye oili.

Hapa niseme kuhusu thamostati, valvu inayozuia kulanti isiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, maana kuitoa kunaua magari mengi mazuri. Kuna mafundi wanaitoa na kuitupa wakisema nchi yetu ni ya joto. Thamostati ya 1NZ hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuishikilia hapo. Ikitolewa, injini huchelewa kupata moto, kompyuta inadhani bado ni baridi na inaongeza petroli, plagi zinajaa masizi, oili inachafuka upesi. Mara nyingi iliondolewa kwa sababu gari lilikuwa linachemsha, na chanzo cha kuchemsha, iwe rejeta iliyoziba, feni mbovu au pampu ya maji inayovuja, hakikuguswa. Muulize muuzaji waziwazi kama thamostati ipo, kisha acha injini iwake dakika 15 uone kama bomba la chini la rejeta linakuwa baridi muda mrefu halafu linapata moto ghafla. Likipata moto taratibu tangu mwanzo, thamostati haipo au imekwama wazi.

Taa za dashibodi: zungusha ufunguo hadi ON bila kuwasha. Taa ya injini, ya oili na ya airbag lazima ziwake, kisha zizimike kwa wakati wake. Taa isiyowaka kabisa imechomolewa au imezibwa.

Kilomita usiziamini. Tazama mpira wa pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Fungua mlango wa dereva na boneti, utafute stika za sevisi za Kijapani zinazoandikwa tarehe na kilomita za kubadilisha oili. Ukikuta stika ya 2009 inasema kilomita 118,000 na leo dashibodi inasoma 96,000, mazungumzo yamekwisha.

Gia boksi ipime ikiwa na moto: miguu kwenye breki, hamisha P, R, N, D, kila hatua sekunde chache. Kuchelewa au kugonga ni dalili mbaya. ATF (mafuta ya gia boksi) iwe nyekundu. Nyeusi yenye harufu ya kuungua, achana nalo. Ukiwa barabarani kata kona usukani ukiwa umekunjwa mwisho, usikilize mlio wa kata-kata wa sivii jointi, viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele. Bushi, shokapu na stabilaiza linki ni vitu vya kubadilisha, visikutishe, ila vitumie kushusha bei.

Mafuriko ya Dar yameacha magari mengi yaliyozama sokoni. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake kabisa. Sentimeta za mwisho hazioshwi na mtu, na mstari wa tope hubaki pale. Angalia pia kutu kwenye reli za viti na chini ya kapeti ya buti, karibu na tairi la akiba. Ajali inaonekana kwenye boliti za madigadi: rangi iliyomegeka kwenye kona za boliti maana yake imefunguliwa. Tairi nazo zisome: tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni mwa tairi ni tarehe ya kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya 2019.

Kwenye bajeti yako, tenga kama asilimia 15 isiyoguswa. Ukilichukua tu, badilisha oili (1NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta, galoni ya lita 4 inatosha), filta ya hewa, plagi 4, kulanti, na ATF aina ya T-IV. ATF ya kumwaga na kujaza ni lita 2 hadi 3 tu. Nyingine hubaki ndani ya gia boksi, kwa hiyo rudia baada ya miezi michache.

Hati ziangaliwe kabla hujamlipa fundi wa kukukagulia. Linganisha namba ya chasisi kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye gari, ambayo Toyota nyingi huiweka kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Kingo zilizosagwa au rangi mpya pale ni sababu ya kuondoka. Angalia faini za trafiki na madeni ya maegesho kwa namba ya gari, na bima kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya usimamizi wa bima). Mwenye jina kwenye kadi awepo mwenyewe, na hela umlipe yeye, si dalali.