Nimepokewa na wazamiaji wa Mafia

Baada ya kupata cheti cha awali kinachoniruhusu kuzamia hadi mita 18, nimejiunga na wazamiaji wenzangu wanaokutana Utende, kando ya Ghuba ya Chole, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995. Nilitarajia mazungumzo ya kasa na chewa, kumbe wenyeji wangu huanza na maji, kwa kuwa katika mlango wa Kinasi, upenyo unaounganisha ghuba na bahari kuu, mkondo hufuata kujaa na kupwa, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, huwa na nguvu za kumpeleka mzamiaji asikotaka. Kabla hatujashuka, mwenzangu aliikagua valvu ya mtungi wangu, akanitaka nivute pumzi mara kadhaa huku yeye akiitazama geji inayopima shinikizo la hewa mtungini, maana sindano ikichezacheza ni dalili kwamba valvu haijafunguka sawasawa. Wakati wa kupanda tulisimama kwenye mita 5 kwa dakika 3, ili naitrojeni iliyoyeyuka mwilini itoke taratibu. Kwa mtu asiye na subira kama mimi, dakika hizo ni ndefu mno. Jumamosi tunazamia tena, maji yakiruhusu.