Inspekta hana bastola, ana saa 24

Mtu aliyefika Uingereza juzi akikaa na tamthilia ya upelelezi ya huku kwa mara ya kwanza, lalamiko lake ni lilelile: mbona hawapigani? Dakika 40 zimeisha, maiti ni mmoja, na inspekta yuko jikoni kwa watu anakunywa chai. Aliyezoea filamu za Marekani anasubiri bastola itoke. Haitoki. Polisi wa kawaida wa England, Wales na Scotland habebi silaha ya moto. Wanaobeba ni kikosi maalumu, na lazima kiitwe. Mpelelezi anabaki na mdomo wake na saa ya ukutani, na utamu wote wa tamthilia hizi uko hapo.

Saa yenyewe ni ya kisheria. Sheria ya mwaka 1984, ambayo polisi huiita PACE, inasema mtuhumiwa akishafikishwa kituoni England au Wales, polisi wana saa 24 za kumfungulia mashtaka au kumwachia. Kosa likiwa zito, mrakibu anaweza kuongeza hadi saa 36. Wakitaka zaidi, waende kwa hakimu, na ukiacha kesi za ugaidi, hakimu naye hawezi kuvuka jumla ya saa 96. Sasa piga hesabu. Katika kila saa 24 mahabusu ana haki ya saa 8 mfululizo za kupumzika, kwa kawaida usiku. Zimebaki 16. Toa milo, toa muda wa kumsubiri wakili afike, toa muda wa wakili kuteta na mteja wake faragha. Saa za kumhoji mtu hasa ni chache mno. Ndiyo maana kila mara utamwona mkubwa anachungulia mlangoni na kuuliza wamebakiwa na muda gani. Mwandishi hakuhitaji kubuni presha hiyo. Amepewa bure na Bunge.

Halafu kuna onyo, yale maneno anayosomewa mtu anapokamatwa. Kwa Kiswahili yangekuwa hivi: si lazima useme chochote, lakini inaweza kudhuru utetezi wako usipotaja, unapohojiwa, jambo ambalo baadaye utalitegemea mahakamani; lolote utakalosema linaweza kutolewa kama ushahidi. Sikiliza sehemu ya katikati. Imetokana na sheria ya mwaka 1994, na lile onyo la Kimarekani tulilolizoea kwenye filamu halina kitu kama hicho. Maana yake, kunyamaza huku kuna bei. Mtuhumiwa anayejibu "no comment" (sina la kusema) mara 30 mfululizo si kwamba amekwama tu, anacheza kamari: baraza la wazee wa mahakama linaweza kujiuliza baadaye kwa nini maelezo yake mazuri hakuyatoa siku ile ile. Ukilijua hilo, chumba chenye meza moja na viti vinne kinakuwa uwanja wa mechi.

Hapa ndipo TV inapopotosha, na ni vizuri tuseme wazi kwa sababu wengi wetu tunajifunzia sheria za huku kwenye kochi. Katika tamthilia, anayeomba wakili huonyeshwa kama mwenye hatia, na wakili mwenyewe huonyeshwa kama nyoka aliyevaa suti. Katika maisha halisi ushauri wa wakili kituoni ni bure kwa kila mtu, mwenye kipato na asiye nacho, usiku na mchana, na asiyeimudu lugha hupewa mkalimani bila malipo. Hata ukiitwa kwa mahojiano ya hiari, bila pingu, haki ya wakili wa bure unayo. Kumwomba hakuhesabiwi kuwa kukiri.

Anayetaka kuiona mechi yenyewe atazame Line of Duty, iliyorushwa na BBC kuanzia 2012 hadi 2021, kuhusu kitengo kinachochunguza polisi wenzao. Mahojiano humo yanaweza kwenda zaidi ya robo saa bila mtu kuinuka kitini. Kwanza unasikia mlio mrefu wa kinasa sauti, tiiiii, unaoudhi makusudi. Kisha kila mmoja anataja jina na cheo. Kisha makaratasi yanaanza kusukumwa mezani, moja moja, kila moja na namba yake. Tazama mikono, usitazame nyuso: anayegusa glasi ya maji kabla ya karatasi kufunuliwa, huyo ndiye. Na humo mtuhumiwa hudai ahojiwe na afisa anayemzidi cheo angalau daraja moja, kwa hiyo usipojua vyeo utapitwa na nusu ya vitimbi.

Vyeo basi. DC ni konstebo mpelelezi, DS ni sajini, DI inspekta, DCI inspekta mkuu, juu yao ni maofisa wa daraja la mrakibu. DCI ndiyo inayowachanganya watu wetu. Mkenya akisikia DCI anawaza Kiambu Road na idara nzima ya upelelezi. Mtanzania anamwaza mkurugenzi wa makosa ya jinai. Huku ni mtu mmoja tu, mwenye koti lililokunjamana na ndoa iliyovunjika. Wadogo humwita "guv" akiwa London, kama sisi tunavyosema afande. Katika kazi halisi mtu wa cheo hicho anashinda ofisini na bajeti na ratiba, wanaobisha hodi ni makonstebo. TV imegeuza kwa sababu tunataka kumwona mkubwa akidanganywa uso kwa uso. Sajini naye yupo ili aulize maswali ambayo sisi watazamaji tunaona aibu kuuliza. Waliomsoma Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, wanamjua mtu huyo. Kule Unguja aliitwa Najum.

Ukihamia Shetland, tamthilia ya visiwa vya Scotland, usibebe sheria za London. Scotland ina mfumo wake: mahabusu hushikiliwa saa 12, zinazoweza kuongezwa 12 nyingine, ukimya hauna ile bei ya England, na ushahidi wa chanzo kimoja hautoshi kumtia mtu hatiani. Ndiyo maana hata mtu akikiri, upelelezi hauishi. Anayetazama kwa macho ya England anaona kama mwandishi anavuta muda.

Kitu cha pili kinachowashika watu ni mahali. Kila tamthilia ina wilaya yake, na baada ya miaka michache unaijua nchi hii kwa mauaji. Inspector Morse, ITV, 1987 hadi 2000, sehemu 33, ni Oxford: kuta za mawe, Jaguar nyekundu, bia na opera. Mtunzi wa muziki wake, Barrington Pheloung, aliliweka jina Morse ndani ya wimbo kwa mipigo mifupi na mirefu ya simu za maandishi za zamani, ile inayoitwa alfabeti ya Morse. Ukisikiliza mwanzo utazisikia mbili ndefu, kisha tatu ndefu, na kuendelea. Vera, 2011 hadi 2025, ni Northumberland, pwani yenye upepo na mwanamke mtu mzima mwenye kofia anayemwita kila mtu "pet" hata anayetaka kumfunga. Broadchurch ni miamba ya Dorset. Happy Valley ni mabonde ya Yorkshire, na shujaa wake si mpelelezi bali sajini mwenye sare. Midsomer Murders, tangu 1997, ni vijiji vya maua ambako watu hufa kwa idadi isiyo na akili, nami naichukulia kama vichekesho. Mwaka 2011 mtayarishaji wake alisimamishwa kwa muda baada ya kujigamba katika jarida kwamba humo hakuna watu wa jamii za wachache, yaani wasio Wazungu. Sura zimeongezeka baada ya hapo. Ni vizuri kulijua ukiwa mmoja wa hao waliokosekana.

Lafudhi zitakusumbua, usijilaumu. Waingereza wenyewe huwasha maandishi ya chini wakitazama watu wa Newcastle au Glasgow. Kitufe kipo kwenye rimoti, mara nyingi kimeandikwa SUB. Yawashe hata kama Kiingereza chako ni cha chuo kikuu, maana ushahidi mwingi husemwa kwa kunong'ona mtu akiwa amegeuka dirishani.

Anza na sehemu zinazojitegemea: Vera au Morse, moja kwa jioni moja. Katika nafasi ya saa 2 za ITV utapata kama dakika 90 za hadithi, na kabla ya kila tangazo huwekwa jambo la kukuzuia usihame. Ukiona mwigizaji maarufu kapewa nafasi ndogo ya jirani anayemwagilia maua, mshuku. Baadaye nenda kwenye hadithi moja ya sizoni nzima, kama Broadchurch ya kwanza yenye sehemu 8. Usianzie Line of Duty katikati, utajuta.

Zilizo ngumu hurushwa saa 3 usiku kwenda mbele, kwa sababu kabla ya hapo vituo haviruhusiwi kuonyesha yasiyowafaa watoto. Za zamani hurudiwa mchana kutwa kwenye ITV3.

Mwisho ni leseni ya TV, inayowagharimu wengi kwa kutojua. Aprili 2025 ilipanda hadi pauni 174.50 kwa mwaka, na faini ya kutokuwa nayo yaweza kufika pauni 1,000. Unaihitaji kutazama kipindi chochote cha TV kinachorushwa mubashara, na kutazama iPlayer, huduma ya BBC ya mtandaoni, hata kama sehemu ni ya miaka kumi iliyopita. Kutazama ya zamani kwenye ITVX, huduma ya ITV ya mtandaoni, hakuhitaji leseni, mradi usibonyeze chaneli ya mubashara. Simu na kompyuta zinahesabiwa kama TV. Chaneli ya nje ya nchi inayorushwa mubashara nayo inahesabiwa, kwa hiyo taarifa ya habari ya saa 2 usiku kutoka nyumbani haikutoi kwenye sheria. Mkiwa mnaishi wengi chini ya mkataba mmoja wa upangaji, leseni moja inawatosha wote; kila mtu akiwa na mkataba wake na anatazama chumbani kwake, kila mtu anunue yake.