Dimsamu ya mama na wakwe zangu: nilivyowakalisha meza moja Hong Kong

Wakwe zangu hawakaribishi wageni nyumbani, na si kwa uchoyo. Fleti yao iko Sham Shui Po, na ukishaifungua meza ya kukunja pale sebuleni, aliye jikoni hana pa kupita. Watu wengi wa Hong Kong wanaishi hivyo, kwa hiyo ukarimu wao wote umehamia mgahawani. Mtoto akizaliwa, mzee akitimiza miaka, mchumba akiletwa kutambulishwa, watu hukutana kwenye meza ya duara ya dimsamu, kuanzia asubuhi hadi saa nane au tisa mchana. Mama aliponipigia kutoka Tanga kuniambia tiketi imekatwa na anakuja na shangazi, nilijua wakwe watataka kuwalisha dimsamu, na nilijua shughuli nzima itaniangukia mimi.

Kwa asiyeijua, dimsamu ni vitafunwa vya Wakantoni, watu wa Guangdong na Hong Kong, vinavyoliwa kwa chai. Huja vitatu au vinne ndani ya kikapu kidogo cha mianzi, vimepikwa kwa mvuke, vingine vimekaangwa. Hakuna mwenye sahani yake ya chakula; kila kikapu hukaa katikati na kila mtu huchukua kimoja. Vinavyosifiwa kupita vyote ni hagau, kamba waliofungwa kwenye ngozi nyembamba ya unga inayoonyesha rangi yao, na siumai, vikombe vya unga wa manjano vilivyoshindiliwa nyama ya nguruwe na kamba.

Tatizo letu sisi ni huyo nguruwe. Wenzetu Waislamu wanaokuja huku kufuata bidhaa hujipa moyo kwamba wataagiza vya kamba na vya mboga, basi. Mimi nimepika na mama mkwe, nimeona kinachoingia. Hagau nzuri mara nyingi hutiwa vipande vidogo vya mafuta ya nguruwe ili kamba wasikauke. Keki ya figili hukatiwa soseji kavu ya nguruwe. Wali wa kunata unaofungwa kwenye jani la yungiyungi huitwa wa kuku, lakini ukiufungua huenda ukamkuta na mwenzake. Hata vile vikombe vya kastadi ya mayai, ganda lake laweza kuwa limekandwa kwa mafuta hayo hayo. Halafu vikapu hupangwa juu ya vikapu katika mvuke mmoja, cha juu kinadondokea cha chini. Sikutaka mama akae mezani akisubiri nimnong'oneze hiki kula, kile acha, mbele ya watu wanaomwona kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo mahali nilikuwa napo kichwani tangu mwanzo. Wan Chai, barabara ya Oi Kwan, jirani na uwanja wa michezo wa Queen Elizabeth, upo Msikiti wa Ammar na Kituo cha Kiislamu cha Osman Ramju Sadick, jengo lililofunguliwa mwaka 1981. Kuswali ni ghorofa za chini, na ghorofa ya tano ipo kantini inayopika dimsamu halali za Kikantoni. Hapo ndipo mimi na mume wangu tulipofungishwa ndoa aliposilimu, kwa hiyo ngazi zake nazijua.

Baba mkwe hakuipenda habari hiyo hata kidogo. Yeye ni mtu wa mgahawa mmoja, meza moja, gazeti moja. Kila asubuhi buli la chai na vikapu viwili, na mhudumu wake anamjua kiasi kwamba haulizwi anataka nini. Kumpeleka mgeni wa heshima kantini, kwake, ni kujidhalilisha. Angetaka ukumbi wenye mazulia na matangi ya samaki hai mlangoni. Mume wangu alijaribu kumweleza mambo ya halali na haramu, mzee akasikiliza vizuri sana, kisha akasema mgahawa wake una kamba wazuri. Tukawa tumerudi palepale.

Mimi sikubishana naye juu ya mahali. Nilimwomba chai. Nikamwambia, kwa Kikantoni changu cha kuungaunga, kwamba mama yangu ametoka mbali, hajui chai ya huku, na mimi siwezi kumchagulia, nisaidie baba. Huku watu wenye kuipenda chai huwa wanabeba majani yao wenyewe hadi mgahawani, na yeye ana boksi la bolei la miaka mingi analolitunza kabatini kuliko pasipoti. Bolei ni ile chai nyeusi iliyochachushwa ya Yunnan, yenye harufu ya udongo uliolowa. Kesho yake mama mkwe alinipigia kusema mzee ameshapima majani na kuyafunga kwenye karatasi. Hakutaja kantini tena. Aliyekabidhiwa chai ndiye mwenyeji, huo ndio utaratibu wao, na mwenyeji hakatai kwenda kwenye shughuli yake mwenyewe.

Upande wa mama ulikuwa na ugumu mwingine, na huu wakwe wasingeuelewa bila kuelezwa. Kwetu mama hali sahani moja na mume wa binti yake. Kuna haya baina yao. Mkwe akiingia, mama hujivuta ushungi, na chakula cha mkwe huandaliwa chumba kingine. Sasa ninataka kumkalisha meza ya duara, vijiti vya watu saba vikiingia kikapu kimoja, na mkwewe akiwa mbele yake. Nilimwambia mapema, nikiwa nampaka mafuta ya miguu usiku. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na mama yake atakuwepo?" Nikasema atakuwepo. "Basi nikalishe karibu na mama yake."

Nikapanga viti hivyo. Mama katikati ya shangazi na mama mkwe, wakiangalia mlango, maana kiti kinachoangalia mlango ndicho cha mgeni mkubwa. Baba mkwe upande wa pili, buli mbele yake. Mume wangu nikamweka mbali, karibu na njia ya wahudumu, apate kisingizio cha kuinukainuka. Binti yetu nikampachika kati ya mabibi na babu ili atafsiri. Mtoto huyo Kikantoni chake ni cha shule na Kiswahili chake ni cha simu za bibi, lakini aibu hana, na mkalimani asiye na aibu anatosha. Kila mtu nikamwekea kijiko pembeni ya vijiti, hata wakwe, ili cha mama kisionekane peke yake.

Nilichagua Jumatano, na tukafika saa tano na nusu kabla watu wa maofisini hawajamwagika. Mume wangu aliwatangulia wote. Mama alipotoka kwenye lifti, kijana akainama, "Shikamoo mama." "Marahaba baba, hujambo?" Mama mkwe wangu akamuuliza mwanawe amesema nini, naye akamweleza, na kuanzia hapo mama mkwe akawa anaitikia marahaba kwa kila anayemsemesha, akiwemo mhudumu.

Kitu cha kwanza kilikuwa kuosha vyombo. Wakantoni hawaanzi kula kabla ya kusuuza vikombe, bakuli na vijiti kwa chai ya kwanza ya moto, kisha maji yote yanamwagwa kwenye bakuli kubwa. Baba mkwe alivisuuza vya mama kwa mkono wake. Shangazi, ambaye huko Tanga hali kwenye harusi ya mtu mpaka ameona ndoo ya kuoshea sahani, akamgeukia mama: "Wifi, hawa watu wasafi." Nadhani hapo nusu ya kazi yangu ilikuwa imekwisha.

Chai yenyewe nilishaijua itakavyokuwa. Mama alipiga funda la bolei, akaliweka mdomoni muda mrefu kuliko kawaida, akameza. "Mwanangu, wamesahau sukari." Ukitia sukari kwenye bolei ya mzee yule ni kama umemtemea kitini. Lakini Wakantoni wana chai ya maua ya krisanthemu, na hiyo wenyewe huinywa na sukari ya mawe bila mtu kukunja uso. Nilikuwa nimeagiza buli lake dogo kabla hawajakaa. Nikamsogezea mama, mzee akaona, akatikisa kichwa kukubali, akasema inapoza mwili. Kila upande ukanywa chai yake kwa fahari.

Halafu kuna kugonga meza. Ukimiminiwa chai unagonga kwa vidole viwili vilivyokunjwa, huku ukiendelea kuongea au kutafuna. Ndiyo asante yako. Mama alikuwa anasema "Ahsante sana" kila kikombe, kwa sauti, na kusimamisha mazungumzo. Baba mkwe akamhadithia kisa kinachosimuliwa siku zote: mfalme Qianlong alisafiri amejificha kama raia, akawamiminia chai watumishi wake, nao wasiweze kupiga magoti wasije wakamfichua, wakapigisha vidole magoti. Binti yangu alitafsiri kwamba mfalme alikuwa mhudumu wa hoteli. Haikudhuru kitu. Mama akaanza kugonga, na kila akigonga mzee anamimina, kila akimimina mama anagonga, mpaka ikabidi nimwambie kikombe kikibaki kimejaa hamimini tena. Buli likiisha maji, unalegeza kifuniko kikae upande, mhudumu analiona mwenyewe na kuja na birika.

Kuhusu kuagiza, hiyo ndiyo siri ninayompa kila anayeniuliza: usijaze karatasi yote mara moja. Unapewa karatasi yenye majina na vimraba, na mkono unawasha. Vikija vikapu kumi pamoja, vinapoa, ngozi ya hagau inakuwa ngumu na inapasukia kwenye vijiti, na mgeni anaona ni karamu ya kumshindilia. Niliagiza kwa mafungu. Kwanza vya mvuke vyepesi: hagau, siumai, na zile karatasi laini za unga wa mchele zilizoviringishiwa kamba na kumwagiwa sosi ya soya. Hivyo mama alivielewa upesi, kamba ni kamba. Kisha vizito: nyama ya ng'ombe ya kusaga yenye ganda la chenza lililokaushwa, wali wa kunata, na miguu ya kuku iliyokaangwa kisha ikapikwa kwa mvuke na maharage meusi yaliyochacha.

Ile miguu niliiogopa kuliko vyote. Kwetu miguu ya kuku huuzwa barabarani jioni, na chumvi na pilipili, ni chakula cha aliyeishiwa. Kumwekea mgeni wa ng'ambo ni jambo la kuulizana. Mama aliitazama, akanitazama mimi. Shangazi hakumtazama mtu. Alichukua mmoja kwa vidole, akaufyonza, akatema vifupa kwenye kisahani kwa ustadi ambao mama mkwe aliupokea kwa furaha ya wazi, maana huku mtu anayeweza kuachanisha vifupa mdomoni ndiye anayehesabika mlaji. Wale wawili wakamaliza kikapu na kuagiza kingine bila kuniuliza.

Mwisho vikaja vitamu. Keki ya kahawia ya mvuke, ile wanayoiita malaigo, mama aliikata kipande, akasema ni mkate wa kumimina ulionyimwa nazi. Akala kipande cha pili kuhakikisha.

Sitaficha: siumai ya pale si siumai ya mgahawa wa baba mkwe. Mafuta ya nguruwe ndiyo yanayoilainisha, na ukiyatoa inabaki nzuri lakini kavu kidogo. Mzee alilitambua kwa kuuma mara moja, akatafuna kwa adabu, akaivusha kwa bolei. Hagau zao hazina kasoro, na karatasi za mchele nazipenda pale kuliko sehemu nyingi za bei kubwa. Ukumbi wenyewe ni kantini kweli: taa nyeupe, makelele, meza za kuondokea upesi. Anayetaka mazulia aende kwingine.

Ikabaki bili. Wakantoni hupigana juu ya bili, wanashikana mikono, wanasukumana, wengine hujifanya wanakwenda msalani na kumbe wako kwa keshia. Mume wangu alikuwa ameshaacha pesa kwa keshia tangu tulipofika. Baba mkwe aliinuka "kunawa mikono", akarudi uso umemwiva, hakusema neno, akakaa. Dakika chache baadaye binti yangu akatangaza kwa Kiswahili safi, "Bibi, babu ananitia pesa mfukoni!" Mama akacheka mpaka ushungi ukamteleza, mbele ya mkwewe, na hakuuwahi kuurudisha.

Tulishuka kuswali adhuhuri, wakwe wakatungoja chini wakiwa na mfuko wa miguu ya kuku ya shangazi. Wiki iliyofuata mama mkwe akanipigia. Mzee anauliza kantini ile inafungua siku gani, anataka kumpeleka rafiki yake wa bao la chesi ya Kichina, na anauliza kama anaruhusiwa kwenda na bolei yake bila sisi. Nikamwambia aende siku yoyote, afike kabla ya saa sita, ila Ijumaa asijaribu, maana foleni ya lifti peke yake itammalizia hamu.