Siku yangu jikoni: matunda na chumvi kidogo

Saa 11 alfajiri nishafika jikoni, mi ndo naandaa matunda ya kantini, kuosha, kumenya, kukata, yani hiyo ndo kazi yangu na naipenda sana. Cha kwanza nanusa. Tunda lililoivia mtini halina shida, shida ni lile lililovunwa mapema, hasa nanasi maana likishakatwa shambani haliongezi sukari tena hata ulisubiri wiki nzima, linalainika tu na kugeuka rangi.

Saa 1 asubuhi zamu ya mabalungi na hapa ndo chumvi inapoonyesha kazi yake. Namenya mpaka ule utando mweupe uishe, napanga vipande, nachukua chumvi laini kwa ncha za vidole viwili narushia kwa juu, mkono uwe juu kidogo isije ikadondoka sehemu moja. Nasubiri dakika chache hivi, kipande kinaanza kung'aa, majimaji yanatoka juu, hiyo ni chumvi inavuta maji ya tunda, kwa hiyo ukitia mdomoni juisi ndo inatangulia na uchungu unarudi nyuma.

Saa 3 chai. Binti mgeni wa kazi akaniuliza, "Dada, sasa chumvi inaongezaje sukari?" Haiongezi mdogo wangu, sukari ni ile ile! Mwaka 1997 watafiti Breslin na Beauchamp walieleza kwenye jarida la Nature kwamba sodiamu, yani ile iliyomo ndani ya chumvi, inabana uchungu kuliko inavyobana utamu, sasa ule uchungu ukishapungua utamu uliokuwa umefunikwa unajitokeza. Nikampa vipande viwili vya balungi moja, kimoja kina chumvi kingine hakina, anywe maji katikati. Alipofika cha pili akanyamaza akachukua kingine.

Saa 5 tikiti maji. Hili halina uchungu wa maana lakini hata hapo chumvi inasaidia, maana chumvi ikiwa kidogo mno ulimi unaisikia kama utamu kwa mbali. Ila ikizidi umeharibu, ukionja ukasikia chumvi kabla ya tunda basi imezidi.

Saa 7 mchana watu wanaingia. Chumvi naweka pembeni kila mtu ajirushie mwenyewe, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na hiyo ni kama kijiko kimoja tu cha chai, hapo hujahesabu ya kwenye mboga na mkate. Wenye presha nawakamulia limau, nao wanafurahi kabisa.

Saa 9 nafunga. Vipande vikavu visivyo na chumvi vinaenda kwenye friji, vya chumvi tunavimaliza hapo hapo sisi wa jikoni, vikilala vinatoa maji yote vinakuwa tepetepe.